Fildi kwenye asasi ndogo: mwongozo kwa mwanafunzi wa uhasibu na biashara

Kipindi cha fildi, yaani mafunzo ya vitendo kazini, kikikaribia, wanafunzi wa biashara hukimbilia benki na ofisi kubwa. Wengi huishia kupiga fotokopi. Mimi ni mhasibu, na kwa miaka kadhaa nimesimamia wanafunzi kwenye asasi ndogo za kijamii hapa Morogoro. Wanaokuja huku hushika vitabu vya hesabu siku ya kwanza, kwa sababu hakuna mwingine wa kuvishika. Asasi hizi zinawahitaji kweli.

1. Anza na chuo. Kwa mfumo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania), krediti 1 ni saa 10 za kujifunza. Wiki 8, siku 5 kwa wiki, saa 8 kwa siku, ni saa 320 za kuwa kazini. Lakini fildi inabeba krediti ngapi, hilo huamuliwa na programu yako. Muulize mratibu wa fildi: asasi isiyo ya faida inakubalika? Nani anaruhusiwa kukusainia? Asasi nyingi zina mhazini ambaye ni mwalimu mstaafu, mwaminifu sana lakini hakusomea uhasibu. Chuo kikitaka mhasibu, jua mapema, usije ukagundua wiki ya saba.

2. Ikague asasi. Mashirika yasiyo ya kiserikali husajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2002. Omba kwa adabu kuona cheti cha usajili na ripoti ya mwaka uliopita. Wakikuficha vyote viwili, tafuta kwingine.

3. Kwenye barua, taja kazi. "Naomba nafasi ya kujifunza" inampa mkurugenzi mzigo wa kukutafutia shughuli. Andika: "Naomba kupanga hati za malipo za miezi sita na kuandaa daftari la fedha." Utajibiwa haraka.

4. Jifunze fedha zenye masharti. Hapa ndipo wanafunzi wa biashara hukwama, maana darasani tumezoea kuuliza faida. Tuseme mfadhili ametoa Sh 6,000,000 za ada na sare za watoto. Sh 1,000,000 zimeshatumika kwa kazi hiyo, benki kuna Sh 4,000,000, na kasha ni tupu. Salio linaonekana zuri. Lakini je, ni salio la nani? Chora jedwali la safu nne: mfadhili, alichotoa, kilichotumika kwa shughuli yake, kilichopaswa kubaki. Jumlisha safu ya mwisho, kisha linganisha na fedha za benki na za kwenye kasha. Hapa panatakiwa Sh 5,000,000. Shilingi milioni moja za watoto zimelipa kitu kingine.

Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili aliligundua jambo kama hilo siku yake ya tisa. Alikuja mezani kwangu na karatasi aliyoikunja mara nne, hawezi hata kusema. Si lazima uwe wizi. Mara nyingi kiongozi amelipa umeme au mishahara akitegemea kurudisha. Mpelekee msimamizi wako faraghani, jedwali mkononi. Usilitupe kwenye kundi la WhatsApp.

Magunia ya unga yanayoletwa na msikiti au kanisa nayo ni mapato. Yaandike kwa bei ya soko ya siku hiyo, kisha yapunguze kwenye leja ya stoo kadiri yanavyopikwa.

5. Malipo yasiyo na risiti. Mtoto ameugua usiku, amepelekwa kituo cha afya kwa bodaboda, nauli Sh 3,000. Dereva hana risiti. Jaza hati ya malipo: tarehe, kutoka wapi hadi wapi, sababu, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, namba ya pikipiki, saini ya aliyelipwa. Asiyejua kuandika aweke dole gumba. Anayeidhinisha asiwe yuleyule aliyetoa fedha.

6. Daftari la fildi lijazwe kila jioni. "Nilisaidia uhasibu" haimwambii kitu mhadhiri. "Nimepanga hati 42 za Machi, 5 hazina saini" inamwambia ulichofanya, na ripoti yako inaanza kujiandika.

7. Kabidhi kazi kwa mtu. Kijana mmoja niliyemsimamia alitengeneza jedwali zuri mno la Excel. Alipoondoka, mhazini hakujua kulifungua, akarudi kwenye daftari lake la zamani. Kosa lilikuwa langu pia, sikumpangia muda wa kufundisha. Sasa wiki mbili za mwisho ni za makabidhiano. Kama mama mhazini anatumia daftari la kaunta, mpigie mistari daftari la kaunta.

Siku ya mwisho yeye akae kwenye kiti, wewe simama pembeni. Aingize malipo matatu, kutoka kwenye hati hadi kwenye salio, bila wewe kugusa kitu. Atakapokwama, rekebisha hapohapo. Ndipo uombe saini na muhuri kwenye fomu ya tathmini, kabla ofisi haijafungwa.