Kumnasa muuaji wa kanisani kabla ya mpelelezi

Hapa Ujiji tunasomeana riwaya za mauaji ya vijijini Uingereza jioni, dagaa wakishaanuliwa. Kabla ya sura ya pili, chora kanisa: mnara wa kengele, chumba anachovalia kasisi, milango yote. Kisha andika nani ana ufunguo. Kule parishi kwa kawaida ina wazee wa kanisa wawili wanaosimamia mali, anza nao.

Daftari la ubatizo, ndoa na maziko usilipite mbio, tafadhali! Madaftari hayo yaliamriwa kuwekwa kule tangu 1538, na ukurasa uliochanwa huficha mtoto au ndoa ya kwanza. Tazama pia viganja vya washukiwa. Wapiga kengele huvuta kamba. Mimi nilimjua muuaji kwa sugu zake, mpelelezi bado anakunywa chai kwa kasisi.