Kupiga Picha za Karibu za Maua na Wadudu kwa Kamera Iliyoshikwa Mkononi
Katika bustani ya umma kama Arboretum ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1907, fika mapema asubuhi, kwa kuwa wadudu hupoa usiku na hukawia kuruka kabla jua halijawapasha joto. Ugumu mkubwa wa picha hizi ni wembamba wa eneo linaloonekana dhahiri: mdudu anapotokea kwa ukubwa wake halisi kwenye kihisi cha kamera, yaani kipande kinachopokea mwanga, eneo hilo huwa la takriban milimita moja tu, hata ukitumia tundu dogo la lenzi kama f/11. Kwa hiyo zima ulengaji wa kujiendesha (autofocus), weka lenzi kwenye umbali unaoutaka, bana viwiko mbavuni, kisha sogeza mwili wote mbele taratibu huku ukipiga picha mfululizo mara jicho la mdudu linapoanza kuwa dhahiri. Kipepeo aliyekunja mabawa mpige kutoka ubavuni, kamera ikiwa sambamba na mabawa, la sivyo ncha zake zitafifia, na hapo ndipo picha nyingi nzuri huharibika. Kasi ya shata ya sekunde 1/250 inafaa kuanzia. Upepo ukivuma, subiri utulie. Usiingie kwenye matuta wala usipinde mashina; ua lisilofikika liache, utafute jingine kando ya njia.