Makumbusho ya jiji kubwa: panga siku, chagua vichache, angalia vizuri

Louvre ya Paris ina kazi zipatazo 35,000 kwenye kumbi zake za maonyesho. Ukiipa kila moja sekunde 10 tu, bila kula wala kulala, utahitaji saa 97, yaani siku nne usiku na mchana. Kwa hiyo habari ya kuyamaliza makumbusho ya namna hiyo iondoe kichwani kabla hujanunua tiketi. Linalowezekana ni kuchagua vitu vitano hadi vinane unavyovitaka hasa, kuvipangia njia, na kuacha nafasi kwa vile utakavyokutana navyo ukielekea huko. Saa mbili zinatosha. Baada ya hapo macho ya watu wengi huendelea kupita juu ya vitu bila kuviona.

Siku na saa

Majumba mengi hufungwa siku moja kwa wiki, na siku hiyo haifanani. Louvre hufungwa Jumanne, Orsay iliyo ng'ambo ya mto hufungwa Jumatatu. Uffizi ya Florence ni Jumatatu, Reina Sofía ya Madrid ni Jumanne, Metropolitan ya New York ni Jumatano. Makumbusho ya Vatikani hufungwa Jumapili, isipokuwa Jumapili ya mwisho ya mwezi. Andika siku hizi kwanza kwenye karatasi, ndipo upange mengine kuzizunguka.

Kuna athari ya pili ambayo wapangaji wengi huisahau: jumba moja likifungwa, wageni wake huhamia kwa jirani. Jumatatu Louvre hufurika kwa sababu Orsay imefungwa, na Jumanne foleni huhamia Orsay. Ukiwa na uhuru wa kuchagua, iepuke siku ambayo jirani mkubwa hafanyi kazi.

Kwa saa, kuna nyakati mbili nzuri: nusu saa ya kwanza baada ya milango kufunguliwa, na jioni ya siku ambazo jumba huchelewa kufunga. Metropolitan hufika saa tatu usiku siku za Ijumaa na Jumamosi. British Museum ya London hufika saa mbili na nusu usiku kila Ijumaa, na National Gallery ya jiji hilohilo hufika saa tatu siku hiyo. Jioni makundi ya wanafunzi na ya mabasi ya watalii yameshaondoka. Saa mbaya kuliko zote ni kati ya saa tano asubuhi na saa nane mchana.

Usihesabu muda wako hadi dakika ya kufunga. Mara nyingi mtu wa mwisho huingizwa nusu saa au saa nzima kabla, na walinzi huanza kuwatoa watu kumbini dakika 15 hadi 30 kabla ya saa iliyoandikwa.

Saa za bure nazo zina gharama yake, ila hailipwi kwa pesa. Prado ya Madrid haitozi kiingilio saa mbili za mwisho za siku, na foleni huanza kujipanga mapema kabla ya hapo. Kama utakaa foleni saa nzima ili uone kwa saa moja, fanya hesabu upya. Makumbusho ya London yaliyotajwa hapo juu hayatozi kiingilio kwa mkusanyiko wa kudumu siku yoyote. Unacholipia ni maonyesho ya muda.

Jambo la mwisho kabla ya kulipa: hakikisha kitu unachokifuata kipo. Kazi huazimwa kwa majumba mengine, hupelekwa kwenye matengenezo, au ukumbi wake hufungwa kwa upungufu wa walinzi. Michoro ya karatasi na picha za rangi za maji hutolewa kwa miezi michache tu, kisha hurudishwa gizani kwa miaka, maana mwanga huzifubaza na uharibifu huo haurudi nyuma. Tafuta jina la kazi kwenye tovuti ya jumba lenyewe. Nyingi huonyesha kama iko ukumbini na ni ukumbi namba ngapi. Angalia tena asubuhi ya safari.

Tiketi

Majumba maarufu sasa huuza tiketi zenye saa ya kuingia. Van Gogh Museum ya Amsterdam huuza mtandaoni tu. Galleria Borghese ya Roma huingiza watu kwa vipindi vya saa mbili, na kipindi kikiisha wote hutoka. Mchoro wa Leonardo wa Karamu ya Mwisho, ulio kwenye ukuta wa nyumba ya watawa jijini Milano, hutazamwa kwa dakika 15 na kundi dogo, na bila kuhifadhi nafasi mapema ni vigumu sana kuuona. Kwa sehemu kama hizi tiketi ndiyo inayoamua tarehe ya safari, kwa hiyo inunue kabla ya kupanga kingine chochote.

Yanayoharibika kwenye ununuzi ni machache na yanajulikana. La kwanza ni kununua kwa dalali: tovuti za wauzaji wa kati hulipia matangazo ili zitokee juu ya tovuti ya jumba, na bei yao ina nyongeza. Anza kwenye ukurasa wa jumba lenyewe na ufuate kiungo chake. La pili ni maneno "ruka foleni". Tiketi hiyo hukuvusha foleni ya kununulia tu. Foleni ya ukaguzi wa usalama ni ya wote, na ndiyo mara nyingi iliyo ndefu. La tatu ni tarehe: kwenye tovuti za Marekani 05/08 ni Mei 8, si Agosti 5. Kwenye tovuti za Ulaya saa nazo mara nyingi huandikwa kwa mtindo wa saa 24, kwa hiyo 14:30 ni saa nane na nusu mchana.

Pasi ya jiji, ile ya kuingilia majumba mengi kwa malipo mamoja, inafaa ukiitumia kwa haraka. Orodhesha sehemu utakazoingia kweli, jumlisha viingilio vyake, kisha linganisha. Chunguza pia inavyohesabu muda. Pasi ya makumbusho ya Paris huhesabu saa tangu matumizi ya kwanza, kwa hiyo ukianza mchana hupotezi kitu. Pasi zinazohesabu siku za kalenda hukula siku nzima hata ukianza saa kumi jioni. Na kuwa na pasi hakukuondolei kuhifadhi saa ya kuingia pale inapotakiwa, Louvre ikiwemo.

Mlangoni

Beba begi dogo. Mabegi makubwa ya mgongoni, miavuli mirefu na masanduku hupelekwa chumba cha mizigo, na majumba mengine hayapokei masanduku kabisa. Begi dogo la mgongoni likiruhusiwa, utaambiwa ulivae kifuani au ulishike mkononi. Sababu ni kwamba mtu akigeuka hajui mgongo wake umefika wapi, na begi linaweza kugonga kazi. Kalamu ya wino iache, chukua penseli. Chukua sweta pia, maana hewa ya kumbi hudhibitiwa kwa ajili ya kazi, kwa kawaida karibu nyuzi 20, na aliyekaa nusu saa bila kutembea huanza kuhisi baridi. Vatikani huhitaji mabega na magoti yafunikwe, na mlangoni hawabishani.

Viatu vinastahili uzito kuliko vyote hivi. Sakafu ni mawe au mbao ngumu, na kutembea polepole huku ukisimama kila baada ya hatua chache huchosha kuliko mwendo wa kawaida. Mwaka 1916 Benjamin Ives Gilman wa makumbusho ya sanaa ya Boston alichapisha picha za mtu akiinama, akichuchumaa na kunyoosha shingo ili aone vitu vilivyopangwa vibaya kabatini, akionyesha kwamba uchovu huo unatokana na mwili kulazimishwa, wala si uvivu wa mgeni. Kaa kila baada ya nusu saa, hata kama hujachoka. Mabenchi mara nyingi huwekwa mbele ya kazi zinazostahili.

Ndani

Nenda kwanza kwenye kitu kilicho mbali zaidi na mlango, au kile chenye umati, kisha rudi polepole. Umati huanza mlangoni na kusogea nao ukielekea ndani, kwa hiyo ukumbi wa mwisho huwa mtupu asubuhi.

Kwenye ukumbi wa Mona Lisa, ndani ya Louvre, watu hubanana mbele ya picha ya sentimita 77 kwa 53 iliyo nyuma ya kioo, huku wameipa mgongo picha ya Harusi ya Kana ya Veronese, yenye urefu wa karibu mita 7 na upana wa karibu mita 10, kubwa kuliko zote zilizomo humo. Geuka nyuma. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo inayostahili foleni.

Ukifika mbele ya kazi, usianze na kibao cha maelezo. Simama mbali kiasi cha kuiona yote bila kuzungusha kichwa, ikae machoni dakika nzima, ndipo usogee. Picha ya Seurat ya Jumapili alasiri kwenye kisiwa cha Grande Jatte, iliyoko Art Institute of Chicago, hudai umbali wa aina mbili: hatua moja unaona vidoti vya rangi tupu, mita tano nyuma vidoti vinaungana kuwa nyasi na kivuli. Kioo au vanishi ikikurudishia taa, sogea nusu hatua pembeni badala ya kwenda mbele. Kwenye kumbi za michoro ya karatasi mwanga hushushwa hadi karibu lux 50 (lux ni kipimo cha mwanga), ilhali ofisini hufika 300 hadi 500. Yape macho dakika kama tano yazoee kabla ya kulalamika.

Kisha soma kibao: jina, msanii, mwaka, malighafi, na namba ya usajili. Watu huiruka namba hiyo, nayo ndiyo yenye faida kubwa baadaye. Jiwe la Rosetta la British Museum ni EA24, Alizeti za Van Gogh zilizoko London ni NG3863. Iandike namba, na jioni utaifungua kazi hiyohiyo kwenye tovuti ya jumba, mara nyingi kwa picha bora kuliko ya simu yako.

Kupiga picha huruhusiwa kwenye majumba mengi bila flashi, na fimbo za simu na stendi za kamera hapana. Maonyesho ya muda hukataza mara nyingi zaidi kwa sababu wenye kazi walioziazimisha wameweka masharti. Kanisa la Sistina la Vatikani hukataza kupiga picha kabisa na hutaka ukimya. Kugusa ni marufuku hata kwa mawe: jasho na mafuta ya ngozi hupenya kwenye vitundu vidogo vya marumaru na kuacha doa.

Ukiwa na watoto, choo kwanza, saa moja inatosha, na wape kazi: wahesabu farasi wote ukumbini, au wachore kitu kimoja kwa penseli.

Siku ambayo majumba yamefungwa, sanaa ya jijini haijaisha. Roma ina picha tatu za Caravaggio kuhusu Mtakatifu Mathayo ndani ya kanisa la San Luigi dei Francesi, bila kiingilio. Chicago ina sanamu ya Anish Kapoor, Cloud Gate, uwanjani kwenye Millennium Park. Makanisani angalia saa za ibada kabla ya kwenda, na uwe na sarafu mfukoni, kwani katika makanisa mengi ya Italia taa ya altare za pembeni huwashwa kwa kutumbukiza sarafu na huzimika baada ya muda mfupi.