Mafuta ya mimea kwa kuku: yape kazi kabla utumbo haujaharibika

Siku hizi ukiingia agrovet, iwe Nakuru mjini, Kondele kule Kisumu au Mbale ya Vihiga, utakuta kando ya pakiti za OTC (antibiotiki ya oksitetrasaiklini) kuna chupa na mifuko iliyoandikwa oregano, thaimu, mdalasini au karafuu. Ukiuliza, unaambiwa ni dawa ya kuhara. Hapo ndipo mfugaji anapopotezwa. Mafuta haya hayakuwekwa kutibu kuku ambaye tayari anahara. Kazi yake ni kumkinga kuku mzima, na anayekimbilia chupa baada ya kuona kinyesi cha majimaji sakafuni amechelewa.

Si kwamba ni porojo. Oregano na thaimu zina kemikali ziitwazo karvakroli na thimoli, karafuu ina yujenoli. Karvakroli na thimoli huharibu utando unaomfunika bakteria, vilivyomo ndani vikavuja, naye akafa au akashindwa kuzaana. Maabara imeonyesha hivyo kwa bakteria wa E. koli, salmonela na klostridia. Bandani mambo si rahisi kiasi hicho. Kipimo, aina ya chakula na usafi wa banda ndivyo vinavyoamua kama utaona faida au utaona harufu tu. Umoja wa Ulaya ulipopiga marufuku antibiotiki za kukuzia mifugo kuanzia tarehe 1 Januari 2006, watengenezaji wa chakula cha mifugo waliyageukia mafuta haya kwa bidii. Huku kwetu wengi bado humwanzishia kifaranga OTC siku ile anayoshuka kwenye katoni, ati kuzuia. Tabia hiyo hulea bakteria sugu, na siku ukiihitaji dawa kweli, haifanyi kazi. Kuiacha hiyo OTC ya siku ya kwanza ndiyo sababu nzuri kuliko zote ya kuyafikiria mafuta ya mimea.

Lakini kwanza tujue maradhi yanaingilia wapi. Klostridia huishi kwenye utumbo wa kuku mzima bila kumsumbua. Hungoja nafasi, na nafasi hiyo mara nyingi tunampa sisi wenyewe. Mlango wa kwanza ni koksi (koksidiosi), ugonjwa wa utumbo unaoletwa na vijidudu. Vijidudu vya koksi hukwangua ukuta wa utumbo, protini na ute vikamwagika ndani, klostridia wakapata karamu. Broila, yaani kuku wa nyama, huangukia hapo zaidi kati ya wiki ya 2 na ya 6. Jioni ameenda kulala vizuri, asubuhi unamkuta amekufa.

Mlango wa pili ni chakula, na hapa kila upande wa eneo letu una lake. Wanaokaa karibu na ziwa huchanganya chakula nyumbani wakiegemea omena, maana inapatikana na kuku wanaipenda. Samaki akizidi, protini ambayo haikusagwa vizuri tumboni hushuka hadi chini ya utumbo na kuwalisha klostridia. Wataalamu wengi huweka kikomo cha asilimia 10, yaani kilo 7 kwenye gunia la kilo 70. Mimi ningeishia nusu ya hapo, soya iliyokaangwa ikabeba mzigo uliobaki. Na hiyo omena iwe kavu kabisa. Iliyoanikwa chini kwenye mchanga huleta mchanga wake, na salmonela pia. Upande wa Njoro na Molo tatizo ni ngano na shayiri. Nafaka hizo zikiwa nyingi kwenye chakula, kilichomo utumboni hugeuka kizito na chenye kunata, kikapita polepole, kinyesi kikawa cha kunata na sakafu ikalowa. Anayetumia ngano iliyobaki shambani asiifanye ndiyo mahindi yake, na aulize kuhusu vimeng'enya (enzaimu) vya kuongeza kwenye chakula.

Kuhusu maranda ya kutandika sakafuni, fanya hivi. Chota konzi moja chini ya chombo cha maji, si pembeni mwa banda ambako kila mara ni pakavu, kisha ukaze ngumi. Ukifungua mkono na maranda yakabaki donge, yana maji mengi, na koksi wanakomaa humo. Yakimeguka, uko sawa. Masika ya Machi hadi Mei fanya kipimo hiki kila asubuhi. Ukiruka hatua hii, hakuna mafuta ya bei yoyote yatakayokuokoa.

Sasa mafuta yenyewe. Mafuta hayachanganyiki na maji. Ukidondosha mafuta halisi ya karafuu kwenye chombo cha maji, yataelea au yatazama, lakini hayatasambaa. Kuku wa kwanza anakunywa kipimo cha banda zima na kuunguza mdomo na koo, wale wengine wanapata maji matupu. Kwa hiyo vichupa vile vidogo vya mafuta halisi vinavyouzwa kwa ajili ya kusugua mwili au kunukisha nyumba si vya banda. Kakamega kuna marashi ya kuchua ya Naturub, yanayotokana na mrehani unaolimwa na wakulima kando ya msitu. Ni kazi nzuri ya kujivunia, ila ni ya kifua cha mtu, si ya maji ya kuku. Kwa maji tafuta mafuta ya mifugo yaliyotengenezwa kuchanganyika na maji, lebo itasema hivyo. Kwa chakula, bora ni unga ambao matone ya mafuta yamefunikwa, ili yasiishie juu tumboni bali yafike utumbo wa chini ambako klostridia wamejificha.

Kipimo ndicho kinachowashinda wengi. Tuseme lebo imeandika gramu 100 kwa tani ya chakula. Gunia lako la kilo 70 linahitaji gramu 7 tu. Gramu 7 ukizitupa juu ya gunia na kukoroga kwa koleo, zitabaki kona moja. Zipime kwa mizani ndogo ya kidijitali, usikadirie kwa kijiko. Zichanganye na kilo moja ya mashi (chakula cha kuku kilichosagwa) kwenye beseni mpaka harufu iwe sawa kila mahali. Hiyo kilo moja ichanganye na kilo 10 juu ya turubai, ndipo umalizie na gunia zima. Vaa glavu na usijishike macho. Usizidishe kwa kudhani kuwa nyingi ndiyo nguvu: kuku huona harufu kali na kupunguza kula, na broila asiyekula ni hasara unayoiona kwenye mizani wiki hiyohiyo.

Weka mfuko pasipo na jua, umefungwa vizuri. Mafuta haya huruka hewani, na joto la Kisumu chini ya mabati huyamaliza upesi. Changanya chakula cha wiki moja au mbili, si cha mwezi.

Na majani ya nyumbani? Kitunguu saumu kilichopondwa wengi wanakitumia na sina ugomvi nacho, mradi kiwekwe kibichi na maji yamwagwe jioni. Nguvu yake hutofautiana sana, kwa hiyo usiitegemee. Mkaratusi wa kuchemsha ndio ninaoutilia shaka. Ile harufu inayojaa jikoni sufuria ikichemka ni mafuta yenyewe yanayoondoka. Unachompelekea kuku ni maji ya majani.

Siku ya chanjo ya maji, iwe ya Newcastle au Gumboro, ondoa kila kitu kingine kwenye maji, mafuta yakiwemo. Na usidhani mafuta yatachukua nafasi ya chanjo. Newcastle ni kirusi. Kuku akihara kijani na kupinda shingo, hakuna oregano itakayomsaidia. Kinyesi chenye damu ni koksi mpaka ithibitishwe vingine, na kina dawa zake. Kifaranga wa wiki moja mwenye uchafu mweupe uliogandia nyuma huenda alitoka na salmonela kwenye yai, na hapo wa kuulizwa ni aliyekuuzia vifaranga.

Wanaofuga nguruwe wanaweza kutumia mafuta yaleyale kwa watoto wanaoachishwa kunyonya, maana E. koli huwapiga zaidi wiki mbili za kwanza baada ya kuachishwa. Lakini waanze kuyala siku kadhaa kabla ya kutengwa na mama yao.

Kabla hujayanunua kwa banda zima, jaribu. Gawa banda kwa wavu katikati, idadi sawa kila upande, maranda na maji yaleyale, chakula kilekile, ila upande mmoja una mafuta. Kila wiki, siku moja, pima kuku 10 kila upande na uandike uzito, chakula kilicholiwa na waliokufa. Mwisho wa kundi utajua kama shilingi zako zimerudi, na hutahitaji kumuuliza muuzaji.

Vifo vikizuka katikati ya jaribio, usiongeze kipimo. Chukua kuku aliyekufa asubuhi hiyo, umweke kwenye mfuko safi ndani ya chombo chenye barafu bila kumgandisha, umfikishe siku hiyohiyo kwenye maabara ya serikali ya uchunguzi wa magonjwa ya mifugo. Nakuru ipo, na wa magharibi wanaweza kufika Kericho au Eldoret, kutegemea ni ipi iliyo karibu. Beba na daftari lako: umri wa kundi, chanjo zilizotolewa, chakula kilichochanganywa na kwa vipimo gani. Swali la kwanza utakaloulizwa ni kama umewapa antibiotiki, kwa hiyo usiwape yoyote kabla ya kufika.