Kuomba Fedha za Inua Jamii kwa Mtoto Mwenye Ulemavu Mkubwa Jijini Nairobi

Wazazi wengi hudhani kwamba kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu ikishatoka, fedha zitafuata zenyewe. Sivyo. Kadi humtambulisha mtoto. Fedha za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuzipa fedha kaya zenye uhitaji, ni shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya; husimamiwa na idara ya serikali inayohusika na ulinzi wa jamii, nazo huombwa kupitia ofisi za mtaani kwako. Hizo ni safari mbili.

Tafuta kwanza cheti cha kuzaliwa cha mtoto na kitambulisho cha mlezi, kwa kuwa mlezi ndiye huandikishwa kupokea fedha kwa niaba ya mtoto. Hakikisha majina yanalingana katika karatasi zote, maana herufi moja iliyopotea hukurudisha nyuma kwa wiki kadhaa.

Kisha mpeleke mtoto akakaguliwe katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa kutathmini ulemavu, na uulize mapema ni siku gani jopo la tathmini hukaa, ili usimbebe mtoto mgongoni kutoka Dandora hadi mjini bure. Hapa ndipo wazazi hujipunja, na mara nyingi ni kwa sababu ya kuona aibu. Mpango huu unamlenga mtu mwenye ulemavu mkubwa, yaani asiyeweza kuishi bila kuangaliwa na mtu mwingine wakati wote; kwa hiyo kutaja jina la ugonjwa pekee hakutoshi. Eleza nani humlisha, humwosha na kumgeuza kitandani, wewe huamka mara ngapi usiku, na ni kazi gani uliyoiacha ili ubaki naye. Ukisema “anaendelea vizuri” kwa adabu tu, ndivyo itakavyoandikwa.

Tathmini ikikamilika, mwandikishe mtoto katika Baraza kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Asiye na simu ya intaneti anaweza kusaidiwa katika kituo cha Huduma. Weka nakala za kila karatasi.

Sasa nenda kwa chifu, na kwa afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo yako. Uandikishaji hufanyika serikali inapofungua nafasi, si kila siku, kwa hiyo shabaha yako ni kujulikana kabla ya siku hiyo: mzee wa mtaa ajue nyumba yako, na ukihama chumba, umwarifu. Maafisa wataulizia hali ya kaya, kwa kuwa fedha hizi ni za maskini. Kaya yenye mshahara wa ajira rasmi, pensheni au ruzuku nyingine ya kudumu huachwa nje. Jibu kwa ukweli, kwani majirani nao huulizwa. Kuandikishwa hakulipiwi, na yeyote anayedai “chai” anakuibia.

Kungoja kunaweza kuwa kwa muda mrefu. Wakati huo, tumia kadi kuomba kiti cha magurudumu au kifaa kingine kupitia hazina ya maendeleo iliyo chini ya Baraza, na mtoto akifikia umri wa shule, mpeleke KISE, taasisi ya serikali ya elimu maalumu iliyoko Kasarani, akapimwe mahitaji yake ya kielimu.