Kabla ya Kununua Mtoto wa Mbwa Chotara wa Pudeli

Anayetaka kununua mtoto wa mbwa aliyechanganywa na pudeli (poodle), yule mbwa wa manyoya ya mawimbi, kwa kawaida huanza kwa kuuliza bei, kisha rangi, kisha kama mbwa huyo atakuwa mkubwa au mdogo. Maswali hayo yana nafasi yake, lakini ningependa msomaji aanze na jingine ambalo wauzaji hawalitaji: ni nani katika nyumba yako atakayekaa chini kila siku, kwa robo saa au zaidi, amchane mbwa huyo kuanzia masikioni hadi mkiani, kwa miaka kumi na miwili au hata kumi na mitano ijayo? Mtoto anayeingia P.1 (darasa la kwanza) mwaka huu atamaliza S.6 (mwisho wa sekondari), na huenda mbwa akawa bado yupo nyumbani. Kama swali hilo halina jibu, afadhali kusubiri.

Nasisitiza manyoya kwa sababu. Mbwa wengi tuliowazoea, wakiwemo wa kienyeji, hupukutisha manyoya yaliyokufa, nawe huyaona sakafuni na kwenye nguo. Manyoya ya pudeli hukua mfululizo kama nywele za kichwani mwa mtu, na yale yanayokufa hayaanguki chini bali hunaswa ndani ya mawimbi ya yale yaliyo hai. Ndiyo maana sakafu hubaki safi, jambo ambalo muuzaji atalisifia sana, na ndiyo maana mafundo hujifunga ndani bila mtu kuyaona. Pudeli alifugwa awali huko Ulaya kwa kazi ya kuokota ndege wa majini waliopigwa na wawindaji, na manyoya yake mazito yalimkinga na baridi ya maji. Katika joto na mvua za Uganda manyoya hayo hayo hugeuka kuwa kazi ya kila siku. Chotara mara nyingi humpa mwenyewe tabu zaidi kuliko pudeli halisi, kwa kuwa akirithi mawimbi ya upande mmoja pamoja na manyoya laini ya ndani ya mbwa mkubwa kama Labrador au Golden Retriever, aina hizo mbili za manyoya hushikana upesi.

Niliwahi kumsaidia jirani yangu tulipokuwa tukiishi Najjera. Kwa macho, mbwa wake alipendeza, amevimba kama tita la pamba. Nilipopitisha vidole nyuma ya sikio la kushoto nilikuta kitu kigumu, bapa, kipana kama kiganja, na kitana hakikuingia hata kidogo. Ilibidi tumnyoe kwa mashine, tukienda polepole sambamba na ngozi, na manyoya yakatoka kwa vipande vizima kama mkeka mchakavu. Chini yake ngozi ilikuwa nyekundu, yenye unyevu na harufu, na katika mkunjo wa sikio walikuwamo kupe saba walioshiba damu. Jirani yangu hakuwa mzembe. Alikuwa akimpiga brashi kila jioni, ila brashi ilipita juu juu.

Kwa hiyo jifunze namna ya kuchana kabla hujalipa hata shilingi moja. Gawanya manyoya kwa mkono mmoja mpaka uone mstari wa ngozi, piga brashi yenye meno ya waya sehemu moja baada ya nyingine, kisha pitisha kitana cha chuma. Kikipita kutoka kwenye ngozi hadi nchani bila kukwama, sehemu hiyo imekwisha. Usisahau nyuma ya masikio, kwapani, chini ya mkanda wa shingo, kinenani na katikati ya vidole. Mchane kabla ya kumwogesha, kwa maana fundo likilowa hukaza, na ukimwogesha umkaushe mpaka ndani. Katika miezi ya mvua, yaani Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba kwa wengi wetu tulio upande wa kusini, udongo mwekundu utamganda miguuni na tumboni kila atokapo. Mimi humshauri mtu amkate mbwa wake fupi kila baada ya wiki sita hadi nane, asivutwe na picha za mbwa wenye manyoya marefu. Baadhi ya kliniki za wanyama za Kampala huogesha na kunyoa mbwa. Ukikaa Arua, Kabale au Soroti, ulizia kwanza kama kuna mtu wa kazi hiyo, la sivyo nunua mashine na ujifunze mwenyewe.

Kupe wanahitaji neno lao. Kupe wa mbwa hueneza magonjwa ya damu, hasa babesia na elikia, ambayo humlegeza mbwa, humpandisha homa na huweza kumuua, na katika manyoya mazito kupe mdogo haonekani mpaka avimbe. Dawa ya kuwazuia haina budi kutumika mwaka mzima, kwa kuwa huku kwetu hakuna majira ya baridi kali ya kuwapunguza. Yupo pia yule nzi wa maembe, ambaye hutaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini na kwenye mchanga wenye mkojo, na mabuu yake hupenya ngozi na kuota kama majipu. Matandiko ya mbwa yaanikwe juani mpaka yakauke kabisa, yapigwe pasi kama tunavyopiga nguo za watoto, na vidole vyako vipite kila siku penye ngozi nyembamba ya tumbo.

Sasa nije kwenye ahadi mbili za wauzaji. Ya kwanza ni kwamba mbwa huyu hawasumbui watu wenye mzio. Historia yenyewe inaikanusha. Mwaka 1989, huko Australia, Wally Conron wa chama cha mbwa wa kuwaongoza vipofu alimpandisha Labrador na pudeli kwa ajili ya mwanamke asiyeona wa Hawaii, ambaye mumewe alikuwa na mzio wa mbwa. Watoto watatu walizaliwa, sampuli za manyoya na mate yao zikapelekwa Hawaii, na ni mmoja tu kati ya hao watatu ambaye hakumletea mume huyo madhara. Ndivyo ilivyokuwa kwa uzao ule wa kwanza uliotafutwa kwa kusudi hilo hasa. Kinachosababisha mzio ni protini zilizomo katika mate, mkojo na magamba ya ngozi, nazo kila mbwa anazo. Utafiti uliofanywa Uholanzi na kuchapishwa mwaka 2012 uliwapima mbwa wanaosemwa kuwa salama kwa wenye mzio, wakiwemo pudeli na chotara wa Labrador, na haukukuta kwamba wana protini hizo kidogo kuliko wengine. Kama nyumbani yupo mwenye pumu, mpeleke akakae na mbwa huyo huyo mnayemtaka, saa nzima, zaidi ya siku moja, kabla ya malipo.

Ahadi ya pili ni ya umbo. Pudeli wenyewe wana ukubwa tofauti, kuanzia yule asiyefika sentimita 28 begani hadi yule anayezidi sentimita 45, na watoto wa tumbo moja la chotara huweza kutofautiana, huyu mawimbi, yule manyoya yaliyonyooka yanayopukutika. Muuzaji akikuambia kwa uhakika kwamba kitoto cha wiki nane kitabaki kidogo, mwombe umwone mama na, ikiwezekana, baba. Wazazi wakiwapo, waguse. Tazama kama wanakuja kwa mgeni au wanajificha, maana woga wa mama huwafikia watoto. Uliza kuhusu nyonga, kwa sababu pudeli mkubwa, Labrador na Golden wote wana urithi wa nyonga zisizokaa sawa. Kwa wale wadogo uliza kuhusu magoti yanayoteguka. Na kwa wote uliza kuhusu macho, kwa kuwa upofu unaoanzia katika retina hurithiwa katika ukoo wa pudeli na wa Labrador, na kipimo cha vinasaba kipo. Wafugaji wenye karatasi za vipimo hivyo ni wachache, lakini jibu la anayefuga kwa uangalifu hulitambua upesi hata akiwa hana karatasi.

Kuhusu umri nina kidonda changu. Mbwa wangu wa kwanza wa aina hii nilimnunua kando ya barabara, kutoka kwa kijana aliyekuwa na watoto wanne ndani ya boksi, aliyeniambia kwamba wana wiki nane na wamechanjwa. Daktari alimfungua mdomo na kunionyesha: kitoto cha wiki nane huwa na meno yote 28 ya utotoni, na huyu magego ya nyuma yalikuwa hayajatoka. Alikuwa na wiki tano, labda sita. Siku ya nne akaanza kutapika, akaharisha damu, na parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia matumbo ya mbwa, ikamchukua siku ya sita, akiwa amelala juu ya taulo la mtoto wangu. Tangu hapo sinunui mbwa ambaye sijamwona akinyonya au akicheza na mama yake, na kadi ya chanjo naisoma kwa makini: tarehe, kibandiko cha chupa ya dawa, sahihi na mhuri wa daktari. Chanjo ya kwanza ya parvo na distempa hutolewa kati ya wiki ya sita na ya nane, hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne hadi wiki ya kumi na sita, na ya kichaa cha mbwa hutolewa akifikisha miezi mitatu, kisha hurudiwa. Hiyo ya mwisho isikosekane kabisa, kwa kuwa ugonjwa huo ukishaonyesha dalili kwa mtu huwa karibu kila mara ni kifo. Anayeagiza mbwa kutoka nje ya nchi apate kwanza kibali cha Wizara ya Kilimo, Ufugaji na Uvuvi iliyoko Entebbe, pamoja na cheti cha afya na cha chanjo, na asitume fedha kwa mtu anayekwepa kumwonyesha mbwa kwa simu ya video.

Zungumza pia na watu wa nyumbani. Dada anayekusaidia kazi akiwa Mwislamu, na wengi wetu tunaokizungumza Kiswahili mjini tunaishi na Waislamu au ni Waislamu, mate ya mbwa kwake yaweza kuwa najisi inayohitaji kuoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Si haki kumpa kitana na kumwambia ndiyo kazi yake mpya. Mwenye nyumba aandike ruhusa. Usitarajie mbwa huyu akulindie geti, kwani atabweka, lakini kazi ya kumzuia mwizi mwachie askari. Chakula cha posho (ugali) na mukene (dagaa) kinachowatosha mbwa wengi kinaweza kumfaa akikua, kikiongezwa nyama na kwa ushauri wa daktari, ila kitoto kinahitaji chakula cha watoto wa mbwa. Watoto wakatazwe kumrushia vipande vya rolex, ile chapati iliyoviringishiwa mayai, kwa kuwa kitunguu kilichomo huharibu damu ya mbwa.

Ukihesabu hayo yote na ukaona kwamba unachokitaka hasa ni rafiki mwenye furaha asiyehitaji mashine ya kunyoa, nenda ukawaone mbwa wa kituo cha Kampala cha USPCA, chama cha kuwalinda na kuwatunza wanyama Uganda, ambako wa kienyeji wenye manyoya mafupi husubiri kuchukuliwa. Na kama bado moyo wako uko kwa pudeli, panga siku ya kumchukua iwe asubuhi ya siku ya kazi, kliniki zikiwa wazi. Mbebe kwenye boksi lenye taulo, asiguse ardhi njiani wala kwenye benchi la kliniki, kwa kuwa virusi vya parvo hukaa udongoni kwa miezi mingi. Muombe muuzaji kipande cha kitambaa chenye harufu ya mama yake ukiweke alipolala. Jioni hiyo hiyo mpakate, mguse masikio, mguse vidole vya miguu, na upitishe kitana mara tatu nne bila kumvuta, kisha umpe kipande kidogo cha kuku asiye na mfupa.