Kuweka printa ya waifai katika nyumba ya mawe, Lamu

Chagua mahali kabla hujafungua boksi. Kuta za nyumba za kale za Lamu, za matumbawe na chokaa, hukaribia unene wa nusu mita, na waifai hufifia kila ikipita ukuta. Ruta ikiwa sebuleni na printa chumba cha ndani, kuta mbili katikati, muunganisho utakatikakatika. Ziweke chumba kimoja, au vyumba vinavyotazamana mlango kwa mlango. Kidaka, kile kishubaka cha ukutani, kinavutia, lakini sipo: mawe huizunguka printa pande zote ila mbele, na kifuniko cha skana kitagonga juu. Dirisha la upande wa bahari nalo liache, chumvi hula vyuma.

Ng'oa tepu zote, hasa za ndani. Printa ya matangi ijazwe wino hadi mstari wa juu, kila rangi tangi lake, ndipo iwashwe. Itavuta wino kwenye mirija kwa dakika kadhaa. Stima isikatwe hapo.

Kuunganisha ni kazi ndogo. Bonyeza kitufe cha WPS cha ruta, kinachounganisha vifaa bila kuandika nywila, kisha cha printa kabla ya dakika mbili kwisha. Kikigoma, tumia programu ya kampuni iliyoitengeneza printa, kwenye simu. Printa nyingi za nyumbani hushika waifai ya masafa ya gigahezi 2.4 tu, basi simu nayo iwe hapo wakati wa kuunganisha, si kwenye 5. Ruta iliyowekwa ulinzi mpya wa waifai, WPA3, peke yake huzikataa printa za zamani, irudishe WPA2. Mwenye nyumba ya wageni asiiunge kwenye mtandao wa wageni, kwa kuwa huko vifaa kwa kawaida havionani.

Stima ikikatika na kurudi, ruta huenda ikaipa printa anwani mpya ya IP, yaani namba yake kwenye mtandao, na kompyuta ikabaki kuitafuta kwenye ile ya zamani. Ingia kwenye mipangilio ya ruta, uitengee anwani moja ya kudumu.

Adui mkubwa hapa kisiwani ni unyevu. Karatasi zikinywa unyevu hujikunja, hushikana mbilimbili na kukwama. Nunua rimu ya gramu 80, weka kwenye trei karatasi 20 au 30 tu, na zilizobaki zifunge ndani ya mfuko wa plastiki. Ikikwama, zima printa, vuta polepole kwa mikono miwili kufuata njia ilikokuwa ikielekea. Ikiraruka, kipande kitakachobaki ndani kitazikwamisha zinazofuata.

Zima kwa kitufe cha printa, kamwe si kwa swichi ya ukutani: kitufe hukipa kichwa cha wino nafasi ya kurudi kwenye kifuniko chake, kisikauke. Chapa ukurasa mmoja wa rangi kila wiki. Mistari ikionekana, chapa kwanza ukurasa wa majaribio. Usikimbilie usafishaji wa kichwa cha wino, unakunywa wino.

Kuskani hati, nukta 300 kwa inchi zatosha. Picha za zamani, 600. Kurasa nyingi zihifadhi kama PDF moja. Mstari mweusi wima kwenye kila ukurasa uliopita kwenye kilisha karatasi, kile kinachovuta kurasa chenyewe, ni uchafu juu ya kile kioo chembamba cha pembeni. Kifute kwa kitambaa kilicholowa kidogo, usimwagie maji. Barua kuukuu za khati ya Kiarabu na hati za shamba zilaze kwenye kioo kikubwa, maana magurudumu ya kilisha huzirarua.